Kabla ya waya kuingia ubongoni, ulizeni nani ataurekebisha umeme

Mhariri,

Video zinazozunguka kwenye simu huku Kisumu na Nakuru zinafanana. Mzee amekaa kitini, mkono unamtetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki. Daktari anabonyeza kidude, mkono unatulia tuli. Chini pameandikwa nambari ya wakala wa safari za matibabu. Video hizo si za uongo. Upasuaji wa kuweka waya wa umeme ubongoni upo, unafanya kazi, na kwa mgonjwa wa Parkinson anayefaa ni msaada mkubwa. Ila hakuna anayepiga video mwezi wa tatu, mke anapouliza kwa nini mzee halali, anacheka ovyo na ameanza kubeti. Wala mwezi wa sita, pale mtu aliyerudishiwa miguu yake hataki hata kuvuka kizingiti cha mlango.

Maswali hayo yakifika mtaani hupata majibu mawili. La kwanza ni kwamba amerogwa, au ni chira, laana ya kuvunja mwiko, kwa kuwa kichwa kilifunguliwa na kitu kikaingia. La pili hutoka kwa waliosoma: hiyo ndiyo tabia yake halisi, ugonjwa ulikuwa umeificha tu. Sisi tunaona yote mawili yanamtupa mgonjwa. Mabadiliko mengi ya tabia baada ya upasuaji huu yana chanzo kinachoweza kutafutwa, na sehemu kubwa yake hurekebishika kwa kubadilisha kiwango cha umeme au dozi ya dawa. Sharti awepo mtu wa kurekebisha, na awe mahali panapofikika.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana bila kukielewa mengine yatabaki kuwa miujiza. Parkinson hutokana na kufa kwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe wa mwendo, ndani ya shina la ubongo. Kidonge cha levodopa na kabidopa huziba pengo hilo kwa miaka kadhaa, kisha huanza kusumbua: kinashika kwa saa mbili au tatu, kinaachilia ghafla, na kikishika sana mwili unajinyonganyonga wenyewe. Ni katika hatua hiyo ambapo upasuaji huzungumzwa. Madaktari Alim Louis Benabid na Pierre Pollak waliuanzisha mjini Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987 kwa wagonjwa wa kutetemeka, na miaka michache baadaye wakauhamishia kwenye kiini cha subthalamasi, fungu dogo la seli ndani kabisa ya ubongo, ili kusaidia pia ukakamavu na uzito wa mwendo. Marekani iliuidhinisha kwa mtetemo mwaka 1997 na kwa Parkinson yenyewe mwaka 2002.

Waya unaoingia una unene wa milimita 1.27. Katika aina iliyotumika zaidi, ncha yake ina vituo vinne vya kutolea umeme, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 1.5. Kwa kawaida huwekwa nyaya mbili, kulia na kushoto. Hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio, hushuka shingoni na kuishia kwenye betri iliyozikwa chini ya mtulinga. Betri hutuma mipigo kama 130 kwa sekunde, kila mpigo ukidumu mikrosekunde 60 hivi, kwa nguvu ambayo mara nyingi huwa kati ya volti 1 na 3.5, au miliampia za kiasi hicho.

Kiini kinacholengwa ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Upande wake mrefu ni kama milimita 6. Ndani ya kapunje hako mna mitaa mitatu. Sehemu ya juu, ya nje na ya nyuma inashughulika na mwendo. Ya katikati imeungana na njia za kufikiri na kupanga. Ya chini upande wa ndani imeungana na njia za hisia, hamu na furaha. Mpasuaji hulenga ule mtaa wa mwendo, lakini umeme haujui mipaka. Nguvu ikipandishwa, duara la umeme hupanuka. Waya ukikaa milimita 2 chini ya panapotakiwa, au kituo cha chini kabisa kikiwashwa badala ya cha juu yake, mkono unaweza kutulia vizuri sana huku umeme ukilowesha mtaa wa hisia. Likimwagika upande wa nje, maneno hukwama na uso huvutwa. Likimwagika nyuma, mwili huwasha na kufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Hayo ya mwilini yanaonekana palepale kliniki na hurekebishwa siku hiyohiyo. Ya tabia huenda na mgonjwa hadi nyumbani.

Ndiyo maana kipimo bora alicho nacho mwanafamilia ni kalenda. Tabia ilibadilika lini, na siku au wiki chache kabla ya hapo kiliguswa nini?

Mkanganyiko wa siku za kwanza hospitalini, mgonjwa asijue yuko wapi au akimwita binti yake kwa jina la marehemu shangazi, mara nyingi ni matokeo ya upasuaji wenyewe: uvimbe unaouzunguka waya, dawa za usingizi, kulala vibaya, dawa zilizosimamishwa usiku wa kuamkia upasuaji. Humpata zaidi mwenye umri mkubwa na aliyekuwa na usahaulifu tangu awali. Kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Usipoisha, au ukiandamana na kichwa kuuma sana, homa, kidonda kutoa usaha au upande mmoja wa mwili kulegea, hilo ni la kurudi hospitali leo, kwa sababu damu kuvujia ubongoni na maambukizi ni hatari zinazojulikana za upasuaji huu. Siku hizohizo mgonjwa anaweza kupata nafuu kubwa ya mwendo kabla umeme haujawashwa. Msishangilie mapema. Ni jeraha dogo lililoachwa na waya linalofanya kazi hiyo, na nafuu hiyo hufifia.

Mabadiliko yanayoanza dakika au saa chache baada ya umeme kurekebishwa yana mshukiwa mmoja mkuu. Mwaka 1999 madaktari wa Paris walichapisha kisa cha mama wa miaka 65 ambaye hakuwahi kuugua huzuni maishani. Kituo kimoja cha waya wa kushoto, kilichokuwa kimeangukia chini ya mahali palipolengwa, kilipowashwa aliinama, akalia, akasema maisha hayana maana tena. Umeme ulipozimwa, yote yalikwisha ndani ya sekunde 90. Wakitumia vituo vingine vya waya uleule, alipata nafuu ya ugonjwa bila huzuni. Kisa hicho hakimaanishi kwamba kila chozi ni la umeme. Kinaonyesha tu kwamba huzuni au kicheko kinaweza kuwashwa na kuzimwa kama taa, na kwa hiyo anayetafuta chanzo ahesabu pia vituo na volti.

Yale ya kuchangamka kupita kiasi hujitokeza siku au wiki kadhaa baada ya umeme kuanza au kupandishwa, na ndiyo yanayozikanganya familia zaidi, kwa sababu mwanzoni yanafanana na kupona. Mtu aliyenyamaza miaka kumi sasa anaongea, anatania, anataka kuendesha gari mwenyewe mpaka Kericho. Nani atalalamika? Angalieni usingizi. Aliyepona na kufurahi hulala vizuri zaidi. Aliyepitilizwa na umeme hulala saa mbili au tatu, na asubuhi hana dalili ya uchovu. Kisha angalieni pesa: mikopo ya simu, kubeti, zawadi kwa watu asiowajua vizuri, mipango ya biashara mitatu kwa wiki moja. Halafu ulimi, matusi na mzaha wa chumbani mbele ya wakwe au wajukuu. Na hamu ya tendo la ndoa isiyomwachia mwenzake nafasi ya kupumua. Mgonjwa mwenyewe hatalalamika, kwa kuwa hali hiyo ni tamu. Daktari akimuuliza peke yake atajibu kwamba hajawahi kujisikia vizuri hivi, na atakuwa anasema kweli.

Kwa hiyo mke, mume au mtoto anayeishi naye lazima aingie chumba cha daktari na aongee, ikibidi mgonjwa akiwa nje. Katika utamaduni wetu ni vigumu mama kusema mbele ya kijana wa kliniki kwamba mzee amekuwa hashikiki usiku. Basi aandike. Karatasi yenye tarehe, saa za kulala, pesa zilizotoka na siku umeme ulipobadilishwa humsaidia mrekebishaji kuliko maelezo ya nusu saa. Atakachofanya kwa kawaida ni kuhamisha umeme kutoka kituo cha chini kwenda cha juu yake, au kupunguza nguvu kwa hatua ndogondogo, au kuubana umeme kati ya vituo viwili usisambae, na wakati huohuo kupunguza dawa za Parkinson zinazochochea pupa. Bei yake huwa ni mtetemo kurudi kidogo. Familia na mgonjwa waelezwe hivyo mapema, la sivyo wataona kwamba kliniki imeharibu kazi nzuri ya wapasuaji wa Bangalore, India.

Kuna mtego kwenye rimoti anayopewa mgonjwa. Kliniki inaweza kuifungia isipandishe umeme kupita kiwango fulani, na inaweza kumwekea mipangilio miwili, wa kawaida na wa chini. Ombeni mipaka hiyo ibanwe, hasa kwa mtu aliyewahi kumeza vidonge kuliko alivyoandikiwa. Na msizime kifaa chote kwa hasira. Mtetemo hurudi ndani ya dakika chache, ukakamavu ndani ya saa moja hivi, na saa tatu au nne baadaye hata kusimama na kutembea huwa shida. Kwa mgonjwa aliyepunguziwa dawa sana, kuzima au betri kuisha kabisa kunaweza kuwa dharura ya kulazwa.

Tabia ikibadilika kuelekea upande wa pili, ubaridi, kutojali, kukaa kimya akitazama ukuta, tafuteni kwanza kwenye dawa. Umeme ukifanya kazi, madaktari hupunguza vidonge, wakati mwingine hadi nusu au zaidi, na hilo ni mojawapo ya malengo ya upasuaji. Lakini dopamini iliyokuwa ikiendesha miguu ndiyo iliyokuwa ikiendesha ari. Umeme umechukua kazi ya miguu; ya ari hakuna aliyeichukua. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2010 uliwafuata wagonjwa 63 ambao dawa zao zilipunguzwa kwa kiasi kikubwa mara tu baada ya upasuaji. Wagonjwa 34 walipatwa na hali hii ya kukosa ari, kwa wastani karibu miezi mitano baadaye, na wengine wakaingia katika huzuni nzito. Kurudisha kiasi cha dawa polepole, chini ya uangalizi, ndiyo hatua ya kwanza. Kumkemea kuwa ni mvivu baada ya familia kuuza ng'ombe na kuchanga mamilioni ya shilingi hakuongezi dopamini. Akirudi kuwa baridi na mkakamavu kwa pamoja, ghafla, kagueni betri kabla ya jambo lolote. Zile zisizochajiwa hudumu miaka 3 hadi 5 hivi. Za kuchajiwa hudumu zaidi ya 10 lakini zinadai chaji mara kwa mara, na kwa boma ambako stima hupotea siku tatu mfululizo, hilo ni swali la kuuliza kabla ya kuchagua.

Hatari ya kujiua tuitaje kwa jina lake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliokusanya wagonjwa 5,311 kutoka hospitali nyingi duniani, ulikuta asilimia 0.45 walijiua na asilimia 0.90 walijaribu, na mwaka wa kwanza baada ya upasuaji ulikuwa wa hatari kuliko mingine. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye huzuni nzito baada ya upasuaji, wasio na mwenza, na waliowahi kushindwa kujizuia katika kamari, ununuzi au matumizi ya dawa. Idadi ni ndogo, lakini ndiyo inayotufanya tusisitize mwaka mzima wa ufuatiliaji. Muulizeni mgonjwa waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandi mtu wazo hilo. Dawa za kupulizia mimea na vidonge vya akiba zihifadhiwe na mwingine, chini ya kufuli, na akisema ndiyo asiachwe peke yake mpaka amefika kwa daktari. Familia nyingi zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Nendeni hospitali.

Yapo pia mabadiliko madogo yanayovunja nyumba kimyakimya. Wengi hupungukiwa na wepesi wa kutafuta maneno baada ya upasuaji. Ukimwambia ataje majina ya wanyama kwa dakika moja, anataja machache kuliko zamani. Wengine hupunguza uwezo wa kusoma hasira au hofu usoni mwa mtu. Mke akinuna, mume haoni, na mke anahesabu dharau. Kujua hivyo peke yake huokoa magomvi mengi: semeni kwa maneno kilichowaudhi, msingoje asome uso.

Ndoa nayo ina hesabu yake. Mwaka 2006 timu moja ya Paris iliwahoji kwa kina wagonjwa 29 waliofanyiwa upasuaji uliofanikiwa kimwendo. Katika ndoa 24 zilizokuwemo, 17 zilikuwa na mgogoro. Si zote zilisababishwa na waya. Mtu aliyelishwa na kuvishwa kwa miaka minane akirudishiwa mikono yake, kazi za nyumba zinagawanywa upya, na aliyekuwa muuguzi wake hajui tena yeye ni nani. Mwingine anataka kurudi shambani kusimamia. Mwingine amezoea kuhudumiwa na hataki kuinuka. Hayo yanahitaji mazungumzo, labda mshauri wa ndoa au mzee wa kanisa mwenye busara. Mrekebishaji wa umeme hawezi kuyapatia volti.

Na tusiwe wepesi wa kulaumu kifaa. Parkinson yenyewe huleta huzuni, wasiwasi na kukosa ari, wakati mwingine miaka kabla ya mtetemo. Dawa nazo zina mchango mkubwa. Utafiti wa Amerika ya Kaskazini wa mwaka 2010, wa wagonjwa 3,090, uliwakuta asilimia 13.6 na tatizo la kushindwa kujizuia, ama kamari, ununuzi, ngono au ulaji. Kwa wanaotumia dawa za kundi la pramipeksoli na ropiniroli, zinazoiga kazi ya dopamini, ilikuwa asilimia 17.1, kwa wasiozitumia, 6.9. Mzee wa Nakuru anayebeti usiku kucha huenda hajawahi kupasuliwa, anameza pramipeksoli tu na hakuna aliyemwonya. Mwaka 2018 mtafiti wa maadili ya tiba, Frederic Gilbert, na wenzake walikosoa maandishi mengi kuhusu waya na nafsi ya mtu, wakionyesha kwamba ushahidi wa moja kwa moja ni haba na kwamba visa vichache vinarudiwarudiwa. Hoja yao ina uzito. Ila kisa kuwa nadra hakukifanyi kuwa hadithi. Mwaka 2004 kiliripotiwa cha Mholanzi wa miaka 62: umeme ukiwaka alitembea lakini akili ikapanda wazimu, akaingia madeni na kugombana na sheria, ukizimwa, akili ilitulia lakini mwili ukalala kitandani. Hakukupatikana kiwango cha katikati. Alipoulizwa akiwa na akili timamu, umeme ukiwa umezimwa, alichagua uwashwe na akaishi katika hospitali ya magonjwa ya akili. Wengi hupata kiwango cha katikati. Yeye hakupata.

Kabla ya kulaumu waya kagueni pia ya kawaida. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa maji na choo kigumu huvuruga akili ya mgonjwa wa Parkinson upesi, na hapa kandokando ya ziwa malaria haikosi foleni. Artane, kidonge cha mtetemo kinachotolewa sana kwa kuwa ni cha bei nafuu, humchanganya mzee na kumwonyesha vitu visivyokuwepo. Na kuna upupu. Mbegu zake zina levodopa ya kweli, kama sehemu 5 katika kila 100 za uzito, lakini kiasi hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu. Anayelamba unga wake kwa siri juu ya vidonge anamfanya daktari arekebishe umeme gizani.

Sasa wanaofikiria safari. Sifa za anayefaa zinajulikana: awe ameugua miaka minne au mitano angalau, levodopa bado inamsaidia inaposhika (kipimo cha mwendo kiboreke kwa asilimia 30 au zaidi), asiwe na ugonjwa wa kusahau wala huzuni nzito isiyotibiwa. Umeme hauponyi ugonjwa, na kwa kawaida hausaidii kuanguka au sauti iliyofifia ambayo dawa yenyewe haikuisaidia. Anayetaka kumchukua mtu bila kumpima akili, kumbukumbu na hali ya hisia anauza vifaa. Ulizeni pia kuhusu shabaha. Jaribio la Marekani la mwaka 2010, la wagonjwa 299, lililinganisha kiini cha subthalamasi na globasi palidasi, kiini kingine cha ubongo kinachoweza kuwekewa waya: mwendo uliboreka karibu sawa, subthalamasi iliruhusu kupunguza dawa zaidi, na hali ya huzuni ilizidi kidogo kwa subthalamasi ilhali kwa palidasi ilipata nafuu kidogo. Mgonjwa mwenye historia ya huzuni ana haki ya kusikia hesabu hiyo kabla ya kutia sahihi.

Kisha swali lililotufanya tushike kalamu. Hospitali nyingi huwasha umeme wiki 2 hadi 4 baada ya upasuaji, na kupata kiwango kinachomfaa mtu huchukua miezi 3 hadi 6 ya kurudi mara kwa mara. Anayepasuliwa ng'ambo na kupanda ndege wiki ya tatu amebeba kifaa ambacho kazi yake ndiyo kwanza imeanza. Ulizeni, na mpewe kwa maandishi: ni kampuni gani iliyotengeneza betri? Ni nani Kenya mwenye kompyuta ya kampuni hiyo, maana ya kampuni nyingine haiisomi? Anakubali wagonjwa ambao hakuwapasua? Baadhi ya aina mpya hurekebishwa na daktari akiwa mbali kupitia intaneti. Je, huduma hiyo inafanya kazi hapa kwetu? Nauli na malazi ya kwenda Nairobi, kilomita 350 kutoka Kisumu, mara nane au kumi mwaka wa kwanza, ziingie katika bajeti ya harambee. Kama pesa zinatosha upasuaji tu, hazitoshi.

Kuhusu mali, patanisheni mambo mgonjwa akiwa timamu na akikubali, kabla ya upasuaji: akaunti ya kutoa kwa sahihi mbili, kiasi kidogo tu kwenye simu, hati za shamba kwa mtu anayeaminiwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka idhini ya mwenza kabla ya mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani, na ardhi ya kilimo hupitia bodi ya udhibiti wa ardhi. Zitumieni.

La mwisho ni la kliniki na kasualti zetu. Mgonjwa wa Parkinson aliyepandwa na wazimu akidungwa haloperidoli au Lagaktili, kama afanyiwavyo kila anayefika akipiga kelele, anaweza kukakamaa asiweze hata kumeza, kwa kuwa dawa hizo huziba dopamini ileile anayoikosa. Plasil ya kuzuia kutapika ina ubaya huohuo. Kati ya dawa za kutuliza wazimu, kwetiapini au klozapini ndizo zinazovumilika zaidi, klozapini ikihitaji vipimo vya damu. Levodopa isikatwe ghafla hata mgonjwa akilazwa kwa sababu nyingine. Na mashine ya tiba ya joto la mawimbi katika idara ya viungo isimguse kabisa mwenye waya, maana joto hilo husafiri hadi ubongoni.

Andikeni kadi, iwe na karatasi ya plastiki, ikae mfukoni mwake na nakala kwa mke: jina la kampuni na aina ya betri, tarehe ya upasuaji, kituo kinachowaka kila upande na nguvu yake, dozi na saa za levodopa, simu ya mrekebishaji, na kwa herufi kubwa, HAPANA HALOPERIDOLI, HAPANA LAGAKTILI, HAPANA PLASIL, HAPANA MASHINE YA JOTO, PICHA YA MRI BAADA YA KUULIZA KAMPUNI. Kila umeme ukibadilishwa, kadi ya zamani ichanwe, iandikwe nyingine.

Muuguzi na tabibu wa maradhi ya neva,
Kisumu